Kompyuta Iliyopanda Bodaboda Kwenda Kusasishwa

Wanangu mnaoanza ufundi, mkiniona siku hizi nimekaa nje ya nyumba nachambua maharage na mke wangu, msidhani nilistaafu kwa heshima. Nilistaafu kwa sababu macho yalikataa herufi ndogo na mgongo ulikataa kuinama chini ya meza. Heshima ilishaondoka zamani, na niliiondoa mwenyewe kwa kidole kimoja tu, kile cha kubonyeza "Ndiyo" kila kompyuta iliponiuliza kama nataka kitu kipya.

Kazi yangu ilikuwa katika kituo kidogo cha kompyuta pale Tunduma, nyuma ya soko. Chumba cha mbele tulichapa barua na kutengeneza mashine za watu, chumba cha nyuma tulirekodi kwaya. Mwenye kituo, na mwalimu wangu wa kazi, alikuwa Mzee Kibona, mtu wa Ileje, mrefu, mpole, mwenye kofia moja ya sufu kwa majira yote. Mashine zetu zote ziliendeshwa na mfumo wa Linux, kwa sababu ni wa bure na kwa sababu virusi vya kwenye flashi za wateja vilikuwa havina la kufanya mle ndani. Hilo tulikubaliana mimi na mzee. Sikumbuki kama tulikubaliana lingine.

Ugomvi wetu niueleze vizuri, maana na nyie mtaurithi. Linux zipo za kila namna, ila kuna njia mbili kubwa. Kuna Linux imara: watengenezaji wanachukua programu, wanazijaribu muda mrefu, wanazifungia hapo zilipofika, halafu kwa miaka wanakuletea marekebisho madogo tu ya usalama na ya makosa. Halafu kuna ile inayokimbia: programu ikitoka leo huko duniani, kesho iko mezani kwako, na kasoro zake zote. Mzee Kibona alikuwa mtu wa ile imara. Mimi nilikuwa mtu wa ile inayokimbia, na nilikimbia nayo mpaka nikaanguka mbele za watu.

Nikimwambia mzee kuna toleo jipya limetoka, alikuwa anaweka kikombe cha chai chini na kuniuliza, "Simbeye, inaumwa wapi?"

"Haiumwi, mzee."

"Sasa unaipeleka hospitali kufanya nini?"

Mimi nilikuwa nacheka. Kompyuta yake nilikuwa nimeibatiza jina la Bibi, na wateja wote walilijua hilo jina. Ilikuwa imechakaa mpaka herufi za kwenye vibonye zilishafutika, na mzee alichapa kwa kukumbuka. Ukiingia nayo kwenye tovuti, tovuti ilikuwa inamtukana kwa adabu kwamba kivinjari chake ni cha kizamani. Mzee naye alikuwa na ujinga wake, tusimfanye malaika. Yeye aliamini kwamba imara maana yake ni kutoigusa kabisa, hata yale marekebisho ya usalama alikuwa hayachukui. Siku moja mteja alileta barua kwenye flashi, Bibi ikaifungua yote ikiwa viboksi vitupu, na mzee akamwambia mteja kwamba barua hiyo imeandikwa vibaya huko ilikotoka. Mteja alikwenda nayo kituo kingine na hakurudi.

Lakini wa kuchekwa hasa ni mimi. Linux inayokimbia inakula bando kama ng'ombe anavyokula chumvi. Kila siku kuna vitu vya kushusha, ukichelewa vinalundikana, ukichelewa sana inakataa kabisa kwa sababu funguo za kuhakikisha programu zimeisha muda. Mtandao wetu pale nyuma ya soko ulikuwa wa kuvizia. Nikagundua kwamba ukiwa karibu kabisa na mpaka, laini ya Zambia inashika vizuri sana, maana mawimbi yanavuka kutoka Nakonde bila kuonyesha pasipoti, na bando lao wakati ule lilikuwa nono kuliko letu. Nilikuwa na rafiki mwenye kibanda cha makava ya simu kule, na laini ya Zambia anayo. Basi nikawa naifunga kompyuta kwenye blanketi la mke wangu, naifunga tena kwa mpira nyuma ya bodaboda, tunakwenda mpakani kusasishwa.

Ndiyo. Kompyuta ya mezani, na kioo chake. Wiki hii, wiki ijayo, na ile inayofuata.

Dereva wa bodaboda aliniheshimu mwanzoni. Baadaye akawa ananiuliza kwa huruma, "Mzee, mgonjwa bado tu?" Nikamweleza kwamba siyo mgonjwa, ni mzima kabisa, anakwenda kuboreshwa. Akaitikia, "Haya mzee, Mungu atasaidia." Kumbe huko kijiweni alikuwa anawaambia wenzake kwamba kuna fundi nyuma ya soko, kompyuta yake mwenyewe imemshinda. Nilipoteza wateja kwa habari hiyo na sikujua chanzo chake mpaka mke wangu aliponiambia. Wafanyabiashara wa Nakonde waliokuwa wanakuja pale kibandani walishanizoea. "Mulishani, bamudala!" walinisalimia, kisha wanaisalimia na kompyuta.

Kuna siku umeme ulikatika pale kituoni katikati ya kusasisha, kiini cha mfumo kikiwa kimeandikwa nusu. Ulipowaka, mashine ikaamka na kioo cheusi chenye maandishi meupe yanayoteremka kama mvua. Mteja alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamwambia huo ndio muonekano mpya.

Sasa niwaambie habari ya Mama Tusekile, ambayo ndiyo iliyoninyoosha.

Mama Tusekile ni mkulima wa kahawa wa Isansa, na ndiye aliyekuwa anaongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa lao. Sauti yake ilikuwa inapanda mpaka mtu unajikuta umenyanyua visigino. Alikuwa na uvimbe wa shingo, rovu, na ulikuwa umekua mpaka ukaanza kumbana pumzi. Daktari wa Mbeya akamwambia lazima apasuliwe, na akamweleza wazi kwamba akitoka huko sauti yake inaweza kurudi nyingine, au isirudi vile ilivyokuwa. Mama huyu alikuwa na wimbo mmoja alioutunga mwenyewe, wa kumshukuru Mungu kwa mwanawe Tusekile, aliyempata baada ya kukaa miaka mingi kwenye ndoa bila mtoto huku watu wakisema. Kwaya ilikuwa inauimba kila mwaka na hakuna aliyewahi kuurekodi.

Alikuja kituoni mwenyewe kuomba siku. Akaketi, akafunga vizuri kitenge chake shingoni, akaniita kwa jina la mwanangu, "Baba Tumaini, mimi siogopi kisu. Naogopa kurudi nikute kooni kuna mtu mwingine. Nataka wimbo wangu ubaki na sauti yangu. Jumatatu naondoka kwenda Mbeya. Una mashine ya uhakika?"

Nikaipiga kofi la upendo mashine yangu inayokimbia. "Mama, hii hata Dar hawana."

Tukapatana Jumamosi asubuhi. Alipotoka, Mzee Kibona akaniambia kwa upole, "Usiiguse mpaka wamalize." Nikamwambia sawa, mzee.

Ijumaa nikasoma kwamba mfumo wa sauti wa Linux ile umebadilishwa kabisa. Mpya. Maneno yalisema utapunguza kuchelewa kwa sauti, yaani mwimbaji atajisikia kwenye spika za masikioni papo hapo anapoimba. Nikamfikiria Mama Tusekile na sauti yake ile, nikajiambia mama huyu anastahili kilicho bora kabisa. Mnaona nilivyo mjanja? Tamaa yangu niliivisha nguo za huruma. Nafasi kwenye diski ilikuwa haitoshi, nikafuta matoleo ya zamani ya programu yaliyohifadhiwa, ambayo ndiyo hayohayo ya kurudia mambo yakiharibika. Blanketi, mpira, bodaboda, mpakani. Nikatumia bando la rafiki yangu mpaka tone la mwisho. Niliporudi niliiwasha, nikaona madirisha yanafunguka laini, rangi zimetulia, saa imehamia mahali pazuri. Sauti sikuijaribu. Sauti ndiyo ilikuwa habari njema yenyewe, sikuona sababu ya kuitilia shaka.

Jumamosi kwaya ikashuka kutoka kwenye Noah mbili, wote ndani ya sare zilizopigwa pasi, shati jeupe na sketi ya bluu, ingawa tulikuwa tunarekodi sauti tu na hakuna kamera hata moja. Wakajipanga chumba cha nyuma. Nikachomeka kisanduku cha sauti, kile nilichokinunua Nakonde, ambacho maikrofoni zote zinaingia humo ndipo ziende kwenye kompyuta. Taa yake ikawaka kijani. Nikafungua programu ya kurekodi. Ikaniandikia kwamba haioni kifaa chochote cha sauti.

Nikazima, nikawasha. Nikachomoa waya, nikaupuliza, nikauchomeka. Nikachapa amri ndefu kwa kasi sana, nyingine hata hazikuwa na maana, ilimradi vidole vionekane vina kazi. Nikataka kurudisha mfumo wa zamani, nikakumbuka nilivyoufuta kwa mkono wangu. Nikataka kuushusha upya, bando la Zambia limeisha na mtandao wetu asubuhi ile ulikuwa haufungui hata picha moja. Jasho likanitoka, na Tunduma asubuhi kuna baridi, mnaijua.

"Baba Tumaini, imekataa?" akauliza Mama Tusekile.

"Haijakataa, mama. Inajipanga."

"Haya. Sisi tukijipanga huwa inatoka sauti."

Kwaya nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao kwa meno tu. Mzee Kibona akaingia na kikombe chake. Hakucheka. Akaniuliza lile swali lake, "Simbeye, inaumwa wapi?"

"Koo," nikajibu bila kufikiri. Nikamwona Mama Tusekile anapeleka mkono shingoni kwake. Niliona haya, wanangu. Mpaka leo nikikumbuka ule mkono nasikia joto usoni. Mama wa watu amebakiza siku moja ya sauti yake, na mimi nimeichezea kwa sababu ya kitu nilichokisoma Ijumaa.

Mzee akasema tumlete Bibi. Tukamhamisha kutoka mbele, tukamweka mezani, na nikaona uso wa mzee umejaa furaha anayoificha. Akachomeka kisanduku cha sauti. Kimya. Akachomoa akachomeka tena. Bibi haikukijua. Kisanduku kilikuwa kipya kuliko programu zake zote, kimezaliwa wakati yeye ameshafunga mlango. Hapo na mzee akavua kofia akakuna kichwa. Mashine yangu ilikuwa inakijua kisanduku lakini mfumo wake wa sauti umevunjika, mashine yake ina sauti nzima lakini kisanduku ni mgeni. Mafundi wawili, kompyuta mbili, na maikrofoni haina pa kwenda.

Mzee ndiye aliyekumbuka kwamba nyuma ya Bibi kuna tundu dogo la maiki, lile la kawaida, ambalo mtu yeyote anayejiita mtaalamu wa kurekodi halitumii. Tukachukua maiki moja ya zamani ya kutangazia mnada. Moja tu. Kwa mashine yangu kila kundi la waimbaji lingepata maiki yake, na ningepandisha au kushusha sauti baadaye kwa kidole. Hapa hakuna baadaye. Ikabidi nipandishe na kushusha watu wenyewe. Sauti ya nne nikawasukuma mpaka mlangoni, mmoja wao mwenye kifua kikubwa nikamtoa nje kabisa akaimbia dirishani. Akina mama wa sauti ya pili nikawageuza waangalie ukuta kidogo. Mama Tusekile nikamweka mbele, hatua chache kutoka kwenye maiki, nikamwambia kwenye mistari ya juu arudi nyuma kidogo. Jirani yetu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Nikaenda kumwomba anyamaze kwa wimbo mmoja tu. Akakubali, akaja kusimama mlangoni na miwani yake myeusi usoni, mkono mmoja kifuani.

Mara ya kwanza mtu alikohoa. Mara ya pili sauti ya tatu waliingia mapema. Mama Tusekile akanywa maji ya moto, akasema taratibu, "Baba, hii ya sasa ndiyo ya mwisho. Koo limeshaniambia."

Tukaanza. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, nikawa sipumui. Kwenye ubeti wa mwisho, pale anapolitaja jina la mtoto wake na sauti inapanda peke yake kwaya ikiwa imenyamaza, lori la mizigo barabarani likapiga honi. Siyo honi ya kugutusha mbuzi. Ile ndefu ya dereva aliyekaa kwenye foleni mpaka roho imemtoka. Chumba kizima kikatetemeka. Nikanyanyua mkono nisimamishe. Mama Tusekile akanitazama, akatikisa kichwa mara moja, na sauti ile badala ya kukatika ikapanda. Ikapita juu ya lori na kukaa huko. Honi inaendelea, naye anaendelea, mishipa ya shingo imetoka kuzunguka lile rovu, na mimi mkono bado uko hewani kama mtu anayesimamisha basi. Kisha akashuka, kwaya ikampokea, wimbo ukaisha.

Fundi wa kuchomelea ndiye aliyesema wa kwanza. Alisema, "Aisee."

Nilimwuliza mama kama tujaribu mara nyingine ili tupate bila honi. Akatikisa kichwa, akaonyesha koo, akaketi.

Kabla sijamaliza niweke mambo ya kazi hapa, maana nikimaliza mtainuka muondoke. Mashine ambayo mtu anaisubiri, iwe ya kuchapia au ya kurekodia, iwekeeni Linux imara, na yale marekebisho madogo ya usalama yachukueni, msiwe kama Mzee Kibona. Ukiwa na kifaa kipya sana ambacho ile imara haikijui, tafuta kwanza kama wenyewe wametoa kiini kipya kidogo kwa ajili ya vifaa vipya, mara nyingi kipo, ndivyo tulivyokuja kumfundisha Bibi kile kisanduku. Ile inayokimbia msiiache, mimi bado naipenda, ndiko mtakakojifunza yanayokuja. Lakini iwe kwenye mashine ambayo ikilala wiki nzima hakuna atakayelia. Faili za watu ziwe kwenye sehemu yake ya diski, mbali na mfumo. Matoleo ya zamani msiyafute mpaka mapya yamefanya kazi ya kweli. Na ukishasasisha jaribu kile kitu ulichokisasishia. Mimi nilijaribu saa.

Basi, Mama Tusekile alikwenda Mbeya, akapasuliwa, akapona. Pumzi ikarudi. Sauti ikarudi nyingine, kama daktari alivyosema, nzito na ya mkwaruzo, na kwenye kwaya sasa anasimama karibu na akina baba. Nilisikia habari hizo nikaumia, nikajiapiza kumlipa. Mashine yangu inayokimbia ilikuwa imeshapona, na katika kukimbia kwake ikaleta programu mpya kabisa ya kusafisha sauti. Unaionyesha kelele, inaing'oa. Nikaichukua ile rekodi ya Bibi nikaifanyia kazi kwa siku nyingi kuliko kazi yoyote niliyowahi kulipwa. Nilimtoa aliyekwaruza kiatu, nikautoa mvumo wa umeme, na mwisho nikaling'oa lori lote, mpaka mkia wake. Sauti ya mama ikabaki peke yake, safi kama maji ya kisimani.

Alipokuja kituoni nilimkalisha kwenye kiti kizuri, nikamvisha spika za masikioni. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nasubiri kusifiwa, nisiseme uongo. Akasikiliza wimbo wote macho amefumba. Ulipoisha akazivua taratibu.

"Baba Tumaini," akasema kwa ile sauti mpya, "lori liko wapi?"

"Nimelitoa, mama. Halisikiki hata kidogo."

"Nimeona. Sasa hapo mwisho mtu atasikia mwanamke anapiga kelele peke yake, hajui kwa nini. Nirudishie lori langu."

Nikaanza kumweleza kuhusu ubora. Mzee Kibona, aliyekuwa anasikia kutoka chumba cha mbele, akakohoa tu, nikaacha. Nikaenda kwa Bibi, nikaifungua ile rekodi ya kwanza, ambayo hakuna aliyekuwa ameigusa, na safari hii nikaipiga kwenye spika za chumbani. Kiatu kikakwaruza. Umeme ukavuma. Ubeti wa mwisho ukafika, honi ikalia, na mama akanyanyua mkono mmoja juu, midomo inakwenda bila sauti, anafuatana na yule wa kwenye spika. Machozi yalikuwa yananitoka na sikujali nani ananiona. Honi ikaisha. Sauti ikabaki juu bado, kisha ndipo ikashuka.

Mama Tusekile akanigeukia anacheka.

"Umelisikia?" akasema. "Lilichoka kabla yangu."